Mlima Alioupanda Mke wa Fundi

Benchi lenyewe ni ubavu wa kitanda cha zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Kila saa nne asubuhi huketi hapo watu wenye kazi zao, ingawa kazi zenyewe hazijawatia machoni tangu jana. Jumatatu hiyo kahawa ilikuwa chungu na habari tamu: Jumapili, mke wa fundi, mwalimu wa hesabu mwenye miaka arobaini na mitano, aliondoka alfajiri kwa baiskeli na shoga yake mkunga, wakapanda milimani kusikoishi mtu, wakarudi jua linazama. Hawakwenda msibani wala harusini. Walikwenda tu. Na hilo “tu” ndilo lililowakaba wanakijiwe koo. Fundi alichuchumaa akiziba pancha, masikio yake yako benchini.

— Wahenga walisema milima haikutani, alianza Redio, kinyozi ambaye wembe wake husimama ulimi unapoanza. Sasa hawa wamekwenda kuikutanisha?

— Wanatafuta shamba, alisema Profesa, karani mstaafu aliyepewa jina hilo na miwani yake. Mchumia juani hulia kivulini!

— Shamba gani? Wamegundua madini. Ule mkoba wa mkunga, unadhani una mikasi tu?

— Mwenye madini hurudi na wasiwasi. Mwalimu nasikia alirudi anacheka. Eti fundi?

— Alicheka, alijibu fundi, bila kuinua kichwa.

— Basi ni hewa! alihitimisha Profesa. Kule juu hewa ni nyembamba, inarudisha umri nyuma. Wakienda mara tatu watarudi wanawali, sisi tuwe babu zao!

Fundi hakuwaambia kilichokuwa kikimchoma. Mkewe alisimama mlangoni, matope hadi magotini, akasema, “Laiti ungeona.” Basi. Na yeye alitaka kuona, alitaka sana. Lakini mtu aliyefunga magurudumu ya mtaa mzima kwa miaka ishirini hakuwahi kukaa juu ya baiskeli ikaenda. Huijaribu kwa kuisukuma, anasikiliza, anatikisa kichwa kama daktari, na watu wakaona ni ustadi. Hata mkewe alidhani ni shughuli zinambana.

Mara mkunga akatokea, anachechemea, anakokota baiskeli yake.

— Nimiminieni kikombe. Miguu hii leo si yangu.

— Shemeji, alidakia Redio, kule mlifuata nini?

— Mteremko.

— Mteremko tu?

— Huujui wewe. Kwa saa tatu nzima tunapanda, tunasukuma, tunautukana mlima. Hakuna nyumba, ni nyasi, mawe na upepo. Kufika mgongoni mwake, mawingu yako chini yetu, yamejaa bondeni kama maziwa sufuriani. Huku mvua, kule jua, sisi katikati, wakavu! Mwalimu akaachia breki. Mwalimu huyu huyu wa “nyamazeni huko nyuma”! Anateremka anapiga kelele “saba mara nane, hamsini na sita!” mpaka kondoo wakatupisha. Na breki zako, shemeji fundi, zilikamata pale mimi nimeshaanza kutubu.

Fundi akatabasamu, kisha akaacha.

— Jumapili hii mwalimu anataka kurudi, na mimi nina zamu wodini. Si umpeleke wewe? Akasita, akawageukia wa benchini. Hivi, fundi huyu mmewahi kumwona juu ya baiskeli?

Redio alimtazama Profesa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatikisa kichwa.

Fundi angeweza kusingizia mgongo. Angeweza kusingizia wateja. Akasimama, akafuta mikono.

— Sijui kuendesha.

Redio aliweka kikombe chini.

— Na Jumapili nataka kwenda, akaongeza fundi. Zimebaki siku ngapi?

— Sita, alisema Profesa kwa sauti ndogo.

— Mkunga, lete baiskeli yako, nishikie kiti. Usiniachie.

— Sijawahi kumwachia mtu njiani. Panda. Tazama mbele. Vuta pumzi. Haya, sukuma!

Baiskeli iliyumba, ikakosa nguzo kwa upana wa kidole, ikanyooka. Redio alitangulia akifukuza kuku, Profesa akafuata kashika miwani, na benchi likabaki na vikombe peke yavyo.

— Sukuma, baba! mkunga alipiga kelele, anakimbia kwa miguu isiyo yake. Sukuma! Inakuja! Inakuja!