Mlango wa Chumba cha Bakteria

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, katikati ya karakana ya kuchomelea na kibanda cha dobi. Aliyetaka kunyanyuka ilibidi atangaze kwanza, wenzake wasije wakarushwa. Alasiri hiyo Geti, fundi aliyetengeneza mageti mengi hata jina lake halisi akabaki nalo mkewe tu, alikaa wima ndani ya shati jeupe aliloogopa kuliegemeza popote. Saa kumi alitakiwa chuoni kwa binti yake. Wazazi wangesimama mmoja mmoja na kueleza, kwa sentensi moja, watoto wao wanachunguza nini. Mwaka jana alisimama akasema binti yake anatibu minyoo. Ukumbi ulicheka, na binti naye akacheka, lakini Geti alimwona alivyoinamisha kichwa.

— Soma tena hicho kikaratasi, alisema Dobi.

Geti akakunjua maandishi ya binti yake.

— "Ndani ya bakteria wengine mna vyumba vidogo mno, kuta zake za protini. Humo hufungiwa vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja chakula."

— Protini? Si ndiyo ya mayai? aliuliza Shangazi, muuza kahawa, akimimina.

— Jambo liko wazi, alisema kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa kuwa redio yake haizimwi. Hiyo ni jela. Vimeng'enya vimekosa.

— Vimekosa nini?

— Vimekula bila ruhusa.

— Jela gani unafungiwa, unafanya kazi, na chakula unaletewa mlangoni? alisema Dobi. Hiyo ni ndoa.

Shangazi alicheka mpaka buli likayumba.

— Chekeni tu, alisema Profesa. Bakteria wana serikali! Hivyo vyumba ni ofisi. Ndiyo maana ukiumwa tumbo huponi siku hiyo hiyo. Faili linazunguka.

— Jamani, mnanipoteza, alisema Geti. Nikisimama pale niseme ndoa, mwanangu atahama chuo.

Akasoma mstari wa mwisho, polepole, kama mtu apimaye chuma kabla ya kukata.

— "Wakati wa kuvunja chakula hutokea sumu. Ukuta huizuia isimdhuru bakteria, mpaka kimeng'enya kingine kiimalize humo humo."

Dobi aliweka kikombe chini.

— Sumu haitoki nje?

— Haitoki.

— We Geti! Si chumba chako cha rangi hicho?

Miaka miwili nyuma Geti alikuwa akipulizia mageti rangi nje, na siku moja upepo ulibeba vumbi jekundu ukalitua juu ya mashuka meupe ya Dobi, yote kumi na mawili. Walinuniana miezi mitatu, wamekaa ncha mbili za ubao huo huo, mpaka Geti alipojenga chumba cha mabati na kupulizia humo.

— Kumbe mwanangu anachunguza karakana! alisema Geti, akaruka juu kwa furaha bila kutangaza. Profesa akajikuta chini, kikombe mkononi, kahawa salama.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri sare zake za uuguzi kwa Dobi alisogea.

— Samahani, fundi. Hicho chumba chako kina mlango?

— Kinao. Nimeutengeneza mwenyewe.

— Ukiufungua, rangi haitoki?

— Inatoka kidogo. Nafungua haraka haraka.

— Sasa hao bakteria, chakula kinaingiaje na sumu isitoke? Mlango wao ukoje?

Wote walimtazama Profesa. Profesa akaelekeza kidole kwenye mfuko wa Geti wenye simu.

Geti alipiga simu, akaweka sauti kubwa.

— Baba, umeshatoka?

— Bado. Mwanangu, mlango ukoje? Ule wa kuingiza chakula na kuiacha sumu ndani.

— Nani kakuuliza hivyo?

— Mama mmoja, kafuata nguo zake.

— Kuta zina vitundu, baba. Tunadhani vinachagua kinachopita. Ila vinachaguaje, sijui. Mwaka wa pili huu natafuta hicho hicho.

Binti akacheka, kicheko chake cha udogoni, alipokuwa akifungua na kufunga mageti ya baba yake hata kabla hayajapigwa rangi.

Geti alikunja kikaratasi, akakiweka chini ya kikombe kitupu.

— Nimeipata sentensi yangu.

— Itoe tuisikie, alisema Profesa, akijipangusa suruali.

— Binti yangu anatafuta mlango unaojua nani apite.

Hakuna aliyecheka. Dobi alimnyooshea ukosi, mgongoni kwanza, kisha mbele, ingawa ulikuwa umenyooka.

— Nanyanyuka! alitangaza Geti.

Lakini hakukuwa na wa kurushwa. Wote walikuwa wameshasimama, na muuguzi alikuwa mbele, akiuliza chuo kiko upande gani.