Mstari Mwekundu Darajani

Kijiwe chetu ni benchi moja, birika moja na midomo isiyo na breki. Kinatazamana na daraja la chuma la waenda kwa miguu, juu ya barabara kuu. Juzi alikuja dada mmoja mkaguzi, kofia ngumu kichwani. Akakwangua rangi kwenye kiungo kimoja, akapaka dawa nyekundu, akaifuta, akapulizia nyeupe. Ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kama unywele. Papo hapo akafunga daraja. Tukamzomea mpaka sauti zikakauka. Leo mafundi wamekata kile kipande, wamekilaza karibu na benchi letu, na kumbe ndani ufa umeshakila zaidi ya nusu.

Redio, mlinzi mstaafu asiyezimika, ndiye aliyeanza.

— Nilisema mimi! Daraja lilikuwa linatoka damu.

— Damu gani? Ni dawa ile, — Mama Kahawa akamkata, birika mkononi. — Inapenya kwenye ufa. Ukifuta, ya juu inatoka, ya ndani inabaki. Ile nyeupe ndiyo inaivuta nje, unaona ufa bila kuvunja kitu. Alinieleza mwenyewe.

— Basi na mimi nipakwe gotini!

— Wewe upakwe mdomoni, — nikamwambia. — Utawaka mwekundu mpaka kisogoni.

— Cheka tu. Kilichopasua chuma hiki ni umbea wetu. Miaka yote tunamsengenya kila anayepita pale juu. Chuma kinasikia, bwana!

— Kwa hiyo tumelivunja sisi?

— Wewe peke yako umevunja nguzo mbili!

Tukaangua kicheko, isipokuwa Brashi, fundi wa kupaka rangi. Daraja lile alilipaka yeye, na juzi alizomea kutushinda wote.

— Brashi, vipi, umeimeza hiyo brashi?

— Rangi yangu ilikuwa inang'aa pale, — akasema taratibu. — Ungeweza kujitazama ukachana nywele. Na mjukuu wangu kila asubuhi akifika hapo hapo anaruka-ruka, eti anapenda daraja linavyolia. Mimi nikamwita yule dada mharibifu.

Hata Redio akavua kofia.

— Mungu amzidishie macho, — akasema.

— Na mikono, — akaongeza Mama Kahawa.

— Na mshahara, — nikadakia, maana dua bila mshahara haijakamilika.

Ndipo akatokea binti wa Brashi, mjamzito wa miezi ya mwisho, amemshika mwanawe mkono, jasho linamtiririka kwa kuzunguka njia ya mbali.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, pumzika.

Hakukaa. Aliinama kwa shida, akapitisha kidole kwenye ufa, akamvuta mtoto karibu na gauni lake.

— Baba, huyu wa tumboni wameniambia ni msichana. Nataka nimpe jina la yule dada. Anaitwa nani?

Tukamgeukia Redio, anayejua majina ya mtaa mzima mpaka ya mababu. Redio akaanza kuchunguza kofia yake. Tukamgeukia Mama Kahawa.

— Mimi nilimwita dada tu, — akasema, birika limeinama, kahawa inamwagika chini.

Brashi alikuwa ameshasimama. Aliwakimbilia mafundi kule darajani na ndala moja mguuni, akipiga kelele kubwa kuliko za juzi:

— Jamani! Yule dada! Nani anamjua jina?