Drusila Ataingia

"Ataingia, Mzee, hata ukikataa!"

Perez, msichana wa chuo, alikuwa anakusanya majina ya watu mashuhuri wa Sondu kwa kitabu cha wilaya. Basi la kwenda Sondu lilipotoka stendi ya Kibuye, alikuwa ameshamtajia jirani yake wa kiti jina la Drusila, mkunga.

Mzee huyo, karani mstaafu, akacheka. "Gazeti gani lilimwandika? Bila karatasi, huyo ni mama wa kijijini tu."

Hasira zikampanda Perez. Kwao, mtoto aliyezaliwa kwa shida hupewa jina la mkunga wake. Akasimama, akaita, "Drusila!"

Wanawake watatu wakageuka. Mmoja, aliyempakata mtoto wa kike, akauliza, "Unaita mimi ama huyu mtoto?"

"Kugeuka si ushahidi," mzee akasema, akivaa kofia. Sondu ilikuwa imefika.

"Basi kesho panda gari hili hili, Mzee. Nitakuwa nimewauliza hawa akina Drusila, nami nitakwambia kila mmoja alizaliwa vipi."