Mtu wa Ndani kwa Constantin

Pale kona ya mtaa wa Katuba alipouzia kahawa Mama Hortense, benchi lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, na waliolikalia kila Jumamosi mchana baada ya kazi walikuwa watu wa kujua kila kitu. Alikuwepo Symphorien, Mkasai wa dukani, waliyempa jina la Leçon, yaani Somo, kwa sababu hawezi kukuomba sukari bila kukufundisha miwa inavyolimwa. Alikuwepo Adalbert, ambaye baruti za mgodini zilimharibia masikio yote mawili, na kijiwe kwa ukorofi wake kikamwita Masikio. Ajabu ni kwamba uvumi wa mji mzima ulimfikia yeye kwanza. Na alikuwepo Rigobert, mfungaji wa mabehewa, aliyeitwa Kroshe kwa ajili ya zile kulabu alizozishika kutwa, hata jina lake la ubatizo likabaki la nyumbani kwao tu. Kiangazi hicho cha mwaka 1953 walizoea kunywa kahawa yao kwa mlio wa nyundo iliyogonga nyuma ya ua wa Constantin, ng'ambo ya barabara. Leo nyundo ilikuwa kimya, na kimya hicho kiliwakosesha raha.

— Leo hapige, alisema Masikio.

— Na weye unajua namna gani? Leçon alimuuliza kwa sauti ya juu.

— Benchi haitetemeke.

Kule uani Constantin alikuwa akifufua mashini ya mvuke ya zamani, ile ya magurudumu ya chuma iliyokuwa ikivuta mizigo barabarani kabla ya malori. Aliinunua kama chuma chakavu kwenye shamba la mzungu mmoja aliyerudi kwao, njia ya Kinsevere, ikaburutwa hadi Katuba ikiwa na kichaka kimeota tumboni. Msimu mzima aliikwangua kutu, akabadilisha mirija, akatia viraka vya chuma kwenye lile pipa lake kubwa la kuchemshia maji na kuvibana kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma inayopondwa kichwa. Leo angewasha moto wa kwanza.

— Ribiti alishamaliza, alisema Leçon. Asubuhi nilimuona anabeba maji ya ku fontaine, ndoo na ndoo, paka ile pipa, chaudière, ikajaa. Saa hii anapanga kuni tu.

— Sawa, alisema Masikio. Lakini ile ribiti yote, alipigaka na nani?

Rigobert alitazama ndani ya kopo lake. Kila mtu wa reli anajua kwamba ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje na nyundo, na mwingine huingia ndani ya pipa, gizani, akaisukuma ribiti kwa chuma kizito isiruke. Constantin hakuwa na mke wala msaidizi, na lango lake halikufunguliwa kwa mtu.

— Alitia kriki, ile jeki ya motokari, alisema Leçon. Ku Bulaya banafanyaka vile. Kriki inasukuma mu ndani, weye unapiga inje. C'est simple.

— Na kriki inagongaka?

— Inagonga nini?

— Miye nasikiaka hapa, alisema Masikio, akipiga taruma alilokalia. Kwanza kidogo kidogo, mu ndani, sawa muntu anasema niko tayari. Kisha njo nyundo ya Constantin.

Leçon alicheka peke yake, kisha akaacha.

— Banasema alinunua muntu kwa batumbula, alidakia Mama Hortense. Batumbula ndio wale wakamata watu ambao Katuba nzima iliwaogopa na hakuna aliyewahi kuwaona kwa macho. Banamukata ulimi, aliendelea Mama Hortense, anatumika tu mu giza. Jua ikimupiga, anakufa.

— Ça, non, alisema Leçon. Mama, acha mambo ya bantu ba pori.

— Bote munadanganyika, alisema Masikio, na safari hii aliongea chini kabisa. Constantin hakununua mashini. Mashini njo ilimununua yeye. Kuko kitu ilimeza kule Kinsevere, na haiwezi kutembea paka bakiitoa. Njo inamutumikisha.

Wenzake walikuwa wanapiga soga, lakini Rigobert alikuwa na mtu wake ndani ya habari hiyo. Mtu wa ndani wa Constantin, miaka yote waliyofanya kazi pamoja, alikuwa Laurent, mdogo wake Rigobert. Kiangazi cha mwaka juzi Constantin na Laurent walikwenda kwenye shamba lile lile kuitengeneza mashini ile ile, na Constantin akarudi peke yake. Alisema Laurent ametangulia. Mzungu wa shamba alisema kijana amekimbilia Ndola, ng'ambo ya mpaka, kutafuta mshahara mzuri. Mama yao alikataa katakata matanga yasiwekwe, kwa kuwa hakuna maiti, na mpaka leo shati la Laurent la kanisani analifua na kulipiga pasi kila wiki. Rigobert aliishi ng'ambo ya barabara, akitazamana na lango la Constantin, na hakumuuliza hata siku moja. Maadamu hajauliza, Laurent yuko Ndola.

Constantin mwenyewe ndiye aliyemfuata wiki hii, amekonda, macho yamemwingia ndani. "Siku ya posho ukuje," alimwambia, akimaanisha Jumamosi hii. "Ukuje mbele ya kuwasha moto. Nyuma ya kuwasha haitakuwa na maana tena." Rigobert alijibu kwamba ataona. Aliogopa, na woga huo ulimtia haya.

— Kroshe, utanyamaza paka lini? alisema Leçon. Weye njo munajuana. Enda umuulize nani alimushikiaka ribiti.

— Nitaenda kahawa ikiisha.

Mama Hortense alimjazia kopo bila kuombwa, na Rigobert akamshukuru moyoni.

Hapo akatokea Julienne, wifi yake Mama Hortense, aliyeshuka jana kwa treni ya Kongolo na hakujua mtu hapo isipokuwa wifi yake. Alikuwa ametumwa kumpelekea Constantin bukari, yaani ugali, na samaki. Sahani aliyorudi nayo ilikuwa tupu.

— Jambo yenu, ba papa. Wifi, kesho tuongeze bukari. Ile haienee kwa bantu babili.

— Babili gani? Constantin iko peke yake.

— Na ule wa mu ndani?

— Mu ndani ya nyumba? aliuliza Leçon.

— Mu ndani ya mashini.

— Mama, ile mashini inajaa maji.

— Miye sijue mambo ya maji. Nilimusikia. Sauti ya kijana, sawa muntu anasema mu mutungi. Constantin alikuwa anapanga kuni, hata hakugeuka.

Rigobert alisikia sauti ikiuliza, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake mwenyewe.

— Alisema nini?

— Aliuliza kama Rigobert alikuja. Nikanyamaza. Akauliza tena, pole pole, sawa muntu wa kusikia baridi. Nikamuambia miye mugeni, nitaenda kuuliza ku bantu ba kahawa. Julienne aliwaangalia mmoja mmoja kwa heshima, akauliza: Rigobert njo nani?

Masikio alikuwa amesikia kila neno. Na ng'ambo ya barabara, juu ya ua wa Constantin, moshi mwembamba mweupe ulianza kupanda.

Ndola ilimtoka Rigobert kichwani yote kwa mara moja. Akaangusha kopo, akavuka barabara mbio, akalipiga lango la Constantin kwa mikono miwili.

— Zima moto, alisema. Zima moto, Constantin. Njo miye Rigobert. Nimekuja.

Ndani ya ua moto ulisikika ukialika. Kuni zilikuwa zimeshashika.