Mzee Pua na Bango la Madirisha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mkaguzi wetu wa hewa na unyevu wa majumbani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisi ya utumishi ilisema ni miaka thelathini na miwili. Yeye akahisi kuna kamchezo, akaomba jalada lake, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, na kweli wakakuta barua yake ya ajira imeandikwa mwaka usio wake. Kwa hiyo hesabu hii mnaweza kuiamini.

Wapangaji wanamwita Mzee Pua. Sisi wa Idara ya Nyumba tunamwita hivyo hivyo, ila akiwa hayupo. Nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa, na naapa sijawahi kumwona akiingia chumba akakiamini. Ukimkaribisha sebuleni akasikia harufu ya manukato, umekwisha: atauliza unaficha nini. Rangi mpya ndiyo humtia wazimu kabisa. Mwenye nyumba mmoja alitupokea kwa bashasha, kuta zake zinameremeta. Mzee Pua akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, kikazama mpaka kwenye ukucha. Nyuma ya rangi kulikuwa na ukungu mweusi tii. Mwenye nyumba akakumbuka ghafla kwamba ana miadi mahali.

Hata sisi hatukupona. Mhasibu wetu alipiga chafya miaka miwili mfululizo, akashikilia kwamba ni manukato ya katibu muhtasi, mpaka wawili hao wakawa hawasalimiani. Mzee Pua hakumwamini yeyote kati yao. Alipanda juu ya kiti, akafungua kiyoyozi cha ofisi, akachomoa chujio lililojaa vumbi zito kama blanketi. Likaoshwa, chafya zikakoma. Salamu zilichelewa kidogo kurudi.

Ni yeye aliyepigania kila jiko la majengo yetu liwe na feni ya kutoa mvuke nje, baada ya kushuku, na kuthibitisha, kwamba fundi aliyefunga zile za kwanza alielekeza mabomba darini tu. Ni yeye pia aliyetufundisha kusogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite. Kwa hayo peke yake angestahili keki. Lakini amenikataza kuishia hapo. Anadai wasifu wa wastaafu hupakwa rangi kuliko nyumba, na nisipoandika habari ya bibi wa ghorofa ya pili atasimama ukumbini aisimulie mwenyewe. Namjua, atasimama.

Miaka minane iliyopita, mjukuu wa bibi huyo, binti wa miaka sita mwenye pumu, alikuwa akibanwa kifua karibu kila wiki. Baba yake, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alimnunulia kiyoyozi ili apumue vizuri. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mzee Pua akaitwa, nami nikambebea kipima unyevu. Nyuma ya kabati ukuta wote ulikuwa mweusi. Bibi akaapa kwamba hapikii chumbani wala haaniki nguo ndani. Mzee Pua akamtazama vile anavyotazama rangi mpya, kisha akaandika: mpangaji anaanika nguo ndani na hadumishi usafi. Kwa kanuni zetu maneno hayo yalitosha. Bibi akapewa siku kumi na nne awe amehama na mjukuu wake, na hakuwa na pa kwenda.

Sasa, mtu wa wasiwasi hatulii. Alitaka kumfumania bibi na kamba ya nguo. Akarudi Jumatatu bila taarifa: hakuna kamba. Akarudi Alhamisi saa saba mchana: hakuna, na jikoni kumefagiliwa safi. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, nami nilishaanza kuona aibu. Bibi akatufungulia. Chumbani, lahaula! Kiyoyozi kinanguruma, dirisha liko wazi, pazia limelowa, na ukuta unatoka jasho hadi maji yanachuruzika. Ile hewa nzito ya mvua ilikuwa inaingia na kugeuka maji kwenye ukuta uliopoa. Mzee Pua akauliza kwa ukali nani kamwambia aache dirisha wazi kiyoyozi kikiwaka. Bibi akanyoosha kidole juu ya mlango.

Palikuwa na bango letu: FUNGUA MADIRISHA MCHANA NA USIKU, HEWA NI UHAI. Maneno hayo aliyatunga Mzee Pua mwenyewe, kabla viyoyozi havijaenea, na tulikuwa tumelibandika kwenye milango mia mbili na kumi na minne. Bibi alilifuata neno kwa neno, huku mtoto akikohoa.

Mzee Pua akaketi kwenye kitanda cha mtoto. Akasema, "Ni mimi." Kisha akainuka, akafunga dirisha.

Zilikuwa zimebaki siku tatu bibi ahame. Akaandika barua ya kuipinga ripoti yake mwenyewe, akaipeleka kwa mkurugenzi kwa mkono, maana hakuwaamini watu wa masijala. Mkurugenzi alifuta ile notisi, ila akataka mambo yaishe kimyakimya: tubandike bango jipya juu ya lile la zamani. Mzee Pua akakataa katakata. Alishuku kwamba la juu litabanduka na watu wataendelea kusoma la chini. Basi tukayabandua yote, kwa kisu butu na maji ya moto, yeye akieleza mlango kwa mlango: kiyoyozi kikiwaka, fungeni madirisha, mkipika au mkioga, washeni feni, mvua ikinyesha, subirini ikatike ndipo mfungue. Na kila mlango alisema kosa lilikuwa lake. Wengine walimcheka, wengine walimtukana, naye aliyapokea yote.

Mlango wa bibi aliuacha wa mwisho, na nadhani aliogopa. Ukuta ulikuwa umeshasuguliwa kwa sabuni na kukauka. Akaomba radhi akiwa amesimama. Bibi alileta kiti, akakiweka kando ya kitanda alipolala mjukuu usingizi wa mchana, akamwambia, "Kaa hapo, baba, umsikilize anavyopumua. Mimi nilikuwa nakaa hapo hapo kila siku, nawe unanitafutia kamba." Akakaa. Mimi nilisimama mlangoni na kipima unyevu mkononi, na hakuna aliyenitaka nikisome. Alikaa mpaka binti akaamka mwenyewe, bila kukohoa hata mara moja.

Mzee wetu, tulikuogopa, tukakucheka kisogoni, na leo inatuuma kukuachia uende. Ahsante kwa kila ukuta uliobonyeza. Ustaafu wako uwe wa heri na afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Tulikuzoea ukishuku watu. Siku uliyojishuku mwenyewe ndiyo siku niliyoanza kukuamini.