Mama Isack, Mlinzi wa Benchi

Marehemu Odilia Nicodemus alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Busunzu, wilayani Kibondo, binti wa Mzee Nicodemus na Mama Rosa, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1984. Alipokea komunyo ya kwanza Pasaka ya 1980, miguuni akiwa na viatu vya kuazima. Vilimbana, alikuwa akisimulia, lakini alitamani foleni isiishe.

Alilima maharage na mihogo, akauza hadi Kasulu. Vitambaa vya altare vya kigango hiki alivifua na kuvipiga pasi yeye, hata miaka ambayo hakuruhusiwa kuisogelea altare hiyo kupokea komunyo.

Mwaka 1994 alianza maisha na Evaristi Ndayiragije, aliyekimbia vita Burundi. Huko Evaristi alikuwa amefunga ndoa kanisani na Aline, wakapotezana njiani. Kwa kuwa hakuna aliyejua kama Aline yu hai, Odilia na Evaristi hawakuweza kufunga ndoa, na bila ndoa hakuna komunyo. Kila padre alipokuja kigangoni, Odilia alibaki mwisho wa benchi, akisogeza magoti wenzake watoke. "Piteni," aliwaambia, "mimi mlinzi wa benchi." Walicheka. Nyumbani siku hizo alipika bila kusema na mtu.

Walimshauri amwache mume. Akauliza, nimwache baba wa wanangu, kisha Mwili wa Bwana niupokee kwa mikono gani? Wengine walitaka Aline atajwe tu kati ya marehemu wanaoombewa Novemba, mambo yaishe. Alikataa: "Siwezi kumzika mwenzangu kwa mdomo ili mimi nikomunike."

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, alipeleka maharage jirani nayo, akamuuliza kila mteja anatoka kilima gani, yaani kijiji gani cha Burundi, akitafuta habari za Aline. Hatimaye akampata Pelagia, mkimbizi aliyemzika Aline kwa mikono yake. Odilia alirudi analia, akaomba misa ya Aline kabla ya kuulizia ndoa yake. Pelagia alitoa ushahidi parokiani. Padre akahamishwa. Aliyefuata akataka shahidi wa pili. Aliyemfuata huyo akataka kumsikia Pelagia upya, naye Pelagia alikwisha kurudi Burundi. Familia inamshukuru Mungu kwa yote, ila hili limetuchosha.

Juni 2024 aliugua saratani ya koo. Kibali cha ndoa kilifika chakula kikiwa hakipiti tena. Ndoa ilifungwa kitandani kwake, Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025. Hostia hakuweza kuimeza. Padre alimpa Damu ya Kristo kwa kijiko. Alifumba macho, kisha akasema polepole: "Ni yeye yule wa Pasaka yangu. Lakini Padre, mngekuja nikiwa bado na koo."

Alifariki tarehe 9 Machi 2025, alfajiri.

Ameacha mume, Evaristi. Watoto, Isack na Careen. Na mjukuu, Rosa.

Leo jeneza lake limewekwa mwisho wa benchi lake, kama tulivyoomba. Mtakapokwenda kupokea, mtapita karibu naye. Msiharakishe. Hatawasogezea magoti tena.

Odilia, pumzika kwa amani, mezani pa Bwana.