Simu Iliyovimba Kifuani

Kina mama wenzangu, jana kwenye basi fundi simu aliyeketi kati yangu na mshonaji mmoja alimwona huyo mshonaji akichomoa kifuani simu iliyovimba hadi kioo kimebanduka.

"Dada, hiyo betri itawaka! Itoe."

"Niitoe vipi, nanyi mmeigandisha humo ndani? Ile ya zamani ningeibandua kwa ukucha."

"Zile zikianguka, betri huku, mfuniko kule. Hii ni kubwa, chaji inakaa siku mbili."

"Siku mbili, na mimba juu!"

Akairudisha kifuani. Fundi, mtetezi wa betri za ndani, akasogea hadi nusura anikalie mapajani.

Basi liliposimama nilishuka mbio kwenda kupapasa mto wa binti yangu, maana hulala na simu chini yake. Mito ya watoto wenu mmeipapasa?